Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kutambua Picha za Kale za Ushinto na Kuziandikia Maelezo

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anapata picha ya zamani ya Japani, labda postikadi iliyojificha ndani ya kitabu cha mtumba, labda faili alilopakua kwenye maktaba ya mtandaoni, kisha anaiandikia: "Hekalu la Kibudha, Japani, karne ya 18." Lango lililo pichani ni torii, nayo ni alama ya Ushinto, dini ya jadi ya Wajapani. Na katika karne ya 18 upigaji picha ulikuwa haujavumbuliwa. Mstari mmoja, makosa mawili.

Nimesahihisha maelezo ya namna hiyo hadi nikachoka, ndiyo maana naweka hatua zote hapa. Nitatumia kadi moja kama mfano: postikadi iliyopakwa rangi kwa mkono, ina lango kubwa lililosimama ndani ya maji, na chini yake kuna herufi za Kijapani pamoja na maneno ya Kiingereza yanayotaja Miyajima. Aliyenitumia ndiye aliyeandika ule mstari wa juu. Simcheki, maneno ya Kiingereza kwenye kadi yalimwambia "temple", naye akayaamini.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Lenzi ya kukuzia, hata ile ndogo ya mafundi saa.
- Rula yenye sentimita na milimita.
- Skana. Kama huna, simu yenye kamera nzuri na taa mbili zinazofanana.
- Penseli laini ya 2B. Kalamu ya wino isikaribie meza.
- Bahasha za karatasi au za plastiki isiyo na harufu. Plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu hula picha polepole.
- Programu ya simu inayosoma herufi za Kijapani kwa kamera. Inasaidia, ila usiitegemee peke yake. Utaona sababu kwenye hatua ya 4.
- Daftari la kuandika unachokiona kabla hujaandika unachokidhani.

## Hatua ya 1: Chukua nakala ya pande zote mbili

Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha shika picha kwenye kingo. Iskani mbele na nyuma, angalau dpi 600. Watu wengi huskani mbele tu, wakati nyuma ya postikadi ndiko kwenye nusu ya ushahidi.

Ukitumia simu, laza picha mezani, weka taa kulia na kushoto zikiwa zimeinama kiasi, zima flashi, na simu iwe sambamba na meza. Ukiona doa jeupe la mwanga juu ya picha, sogeza taa, usisogeze picha.

Onyo: usiipeleke duka la steshenari kufanyiwa laminesheni. Najua ndivyo tunavyotunza vyeti vya shule, lakini joto la mashine ile huiharibu picha ya kale na plastiki yake haibanduki tena. Na kama picha imegandishwa kwenye kadi nene au ukurasa wa albamu, usiibandue. Picha za albumini, zilizotengenezwa kwa ute wa yai, zilichapwa kwenye karatasi nyembamba sana na hujikunja, ziligandishwa makusudi.

Umefaulu ikiwa ukikuza faili kwenye skrini unaweza kuona uzi wa nguo au herufi ndogo kwenye jiwe.

## Hatua ya 2: Hakikisha picha haijageuzwa

Hatua hii ni fupi lakini huokoa aibu. Tafuta mtu aliyevaa kimono na utazame kifuani pake. Kwa walio hai, upande wa kushoto wa nguo hulala juu ya upande wa kulia, wanaume kwa wanawake. Wewe unayemtazama utaona kola zikichora herufi ndogo "y". Zikichora "y" iliyogeuzwa, ama picha imepinduliwa kama kwenye kioo, ama unatazama maiti, kwa sababu wafu huvishwa kinyume.

Picha za ambrotaipu, zile zilizopigwa moja kwa moja kwenye kioo, huwa zimegeuka kwa asili yake. Za karatasi zinaweza kugeuzwa na aliyechapa kwa haraka au na aliyeskani negativu upande usio wake. Kama hakuna mtu, tafuta herufi kwenye taa za mawe au mabango. Ikibidi kupindua, pindua nakala, usiguse faili la asili, na uandike kwamba umepindua.

## Hatua ya 3: Amua kama ni jinja au tera

Hapa ndipo wengi huanguka. Mahali pa ibada pa Kishinto ni jinja. Pa Kibudha ni tera. Wapiga picha na wachapaji waliouzia wageni waliviita vyote kwa jina moja la Kiingereza, kwa hiyo maelezo yaliyochapwa kwenye picha hayathibitishi lolote. Yafunike kwa kidole, kisha tazama vitu.

Dalili za jinja:

- Torii: nguzo mbili na boriti mbili juu, bila milango. Boriti ya juu ikinyooka kama rula, ni mtindo wa shinmei, unaouona Ise. Ikipinda kuelekea juu kwenye ncha, ni myojin. Nguzo kuu zikiwa na vinguzo vinne vya kuzitegemeza, ni ryobu, kama lile la Miyajima.
- Shimenawa: kamba nene ya majani ya mpunga iliyosokotwa, imening'inizwa vikaratasi vyeupe vilivyokunjwa kwa pembe-pembe.
- Komainu: wanyama wawili wa mawe mithili ya simba na mbwa, mmoja kafumbua mdomo, mwenzake kafumba. Kwenye jinja za Inari utakuta mbweha badala yao.
- Paa lenye ncha zilizopishana kama mkasi, na magogo mafupi yaliyolazwa juu ya kipaa.

Dalili za tera: chetezo kikubwa cha ubani uani, kengele kubwa inayogongwa kwa gogo, sanamu za Budha, makaburi karibu.

Sasa tahadhari. Hadi 1868 dini hizi mbili ziliishi uwanja mmoja kwa karne nyingi, na serikali mpya ya Meiji ndiyo iliyoamuru zitenganishwe. Masalia yalibaki. Toshogu ya Nikko ni jinja, lakini ndani yake kuna pagoda ya ghorofa tano. Miyajima nako kuna pagoda jirani kabisa na jinja. Kwa hiyo pagoda peke yake haikupi jibu. Hesabu dalili zote, halafu uamue.

Jambo jingine: ukiona sanamu kubwa ya kutisha langoni, usiandike "sanamu ya mungu wa Kishinto". Kitu ambamo kami, yaani kile kinachoabudiwa kwenye jinja, huaminiwa kukaa hufichwa ndani ya jengo la ndani kabisa na hakionyeshwi, seuze kupigwa picha kuuzia watalii. Sanamu unayoiona karibu kila mara ni ya mlinzi wa lango.

Kadi yetu: torii yenye vinguzo vinne, ndani ya maji. Jinja, bila ubishi.

## Hatua ya 4: Soma maandishi kutoka kulia

Kabla ya vita vya pili vya dunia, mstari wa mlalo wa Kijapani kwa kawaida ulisomwa kuanzia kulia. Programu ya simu haijui hilo. Inasoma kuanzia kushoto, inakupa upuuzi, nawe unadhani kadi ndiyo yenye kosa.

Chini ya kadi yetu pameandikwa 社神島嚴. Kwa mwelekeo huo haina maana. Igeuze: 嚴島神社, yaani Itsukushima Jinja, jinja ya kisiwa kinachojulikana pia kama Miyajima. Andika herufi kwenye daftari kwa mpangilio uliogeuzwa, halafu ndipo uiulize programu.

Herufi hizi chache zitoshe kukutoa gizani:

- 神社 ni jinja.
- 神宮 ni jingu, jinja kubwa yenye uhusiano na ukoo wa mfalme, kama Ise.
- 大社 ni taisha, kama Izumo au Kasuga.
- 宮 ni miya au gu, kama Toshogu.
- 寺 ni tera. Ukiiona hii mwishoni mwa jina, rudi hatua ya 3.

Tafuta pia nguzo ya jiwe karibu na mlango. Juu ya jina mara nyingi paliandikwa daraja la jinja, kwa mfano 官幣大社. Madaraja hayo ya serikali yalianza 1871 na yakafutwa 1946, na baada ya hapo jinja nyingi zilifuta herufi za daraja kwa kuzichonga au kuziziba kwa saruji. Ukiziona wazi pichani, una dalili nzuri ya kipindi. Ukiona kiraka cha saruji juu ya jina, picha ni ya baada ya vita.

## Hatua ya 5: Tafuta mwaka

Kila picha ya aina hii ina miaka mitatu: mwaka kilipopigwa kioo (yaani negativu, ambayo zamani ilikuwa ya kioo), mwaka ilipochapwa nakala, na mwaka kadi ilipotumwa. Ukiichanganya utaandika uongo huku una ushahidi mkononi. Mpiga picha Felice Beato alianza kazi Yokohama mwaka 1863. Mwaka 1877 aliuza vioo vyake kwa studio ya Stillfried na Andersen, na mwaka 1885 studio hiyo ikapita mikononi mwa mpiga picha mwingine, Farsari. Kioo kimoja kingeweza kuchapwa na mabwana watatu. Jina la studio linakuambia aliyeuza, si lazima aliyepiga.

### Ukiwa na picha ya karatasi

Karatasi nyembamba inayong'aa kidogo, sehemu nyeupe zimegeuka manjano, namba na jina vimeandikwa kwa herufi nyeupe chini: hiyo ni albumini ya watalii, ya kati ya miaka ya 1860 na mwanzoni mwa karne ya 20. Rangi zilipakwa kwa brashi na mafundi waliokaa studio, na wengi wao hawakukiona kitu chenyewe. Usithibitishe chochote kwa rangi. Torii nyekundu pichani inaweza kuwa ya mawe ya kijivu.

### Ukiwa na postikadi

Geuza nyuma, chukua lenzi.

1. Hakuna mstari wa kutenga nafasi ya anwani na ya ujumbe: 1900 hadi 1907. Postikadi za picha zinazochapwa na watu binafsi ziliruhusiwa Japani mwaka 1900, na ujumbe uliandikwa upande wa picha. Ndiyo maana unakuta wino juu ya anga.
2. Mstari umetenga theluthi moja kwa ujumbe: 1907 hadi 1918.
3. Mstari umekata nusu kwa nusu: 1918 na kuendelea.
4. Kichwa cha kadi (maneno ya Kijapani yaliyochapwa upande wa anwani) kina herufi か isiyo na vinukta: kabla ya 1933. Ikiwa ni が, yenye vinukta viwili juu kulia: 1933 na kuendelea. Kichwa kikisomwa kutoka kulia, herufi hiyo ni ya pili kutoka kushoto.
5. Kichwa kinasomwa kutoka kushoto: kwa kawaida baada ya vita.

Onyo: wachapaji hawakutupa karatasi iliyobaki. Ipe kila tarehe nafasi ya mwaka mmoja au miwili.

Muhuri wa posta wa Kijapani huandika mwaka wa utawala wa mfalme, mwezi, siku. Kwa enzi ya Meiji ongeza 1867, kwa Taisho 1911, kwa Showa 1925. Muhuri wa 42.7.15 ni Meiji 42, yaani tarehe 15 Julai 1909, kwa sababu Taisho haikufika miaka 42 na Showa 42 ni 1967. Mwaka mdogo kama 9 una utata: Taisho 9 ni 1920, Showa 9 ni 1934. Hapo rudi kwenye vile vinukta.

### Majengo yenyewe kama kalenda

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa picha hujitaja yenyewe.

Torii ya sasa ya Itsukushima ilisimamishwa 1875. Daraja jekundu la Shinkyo, Nikko, lilichukuliwa na mafuriko mwaka 1902 likajengwa upya 1904. Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani; ujenzi wa kipindi chetu ni wa 1869, 1889, 1909, 1929, kisha 1953 kwa sababu vita vilichelewesha. Kanda Myojin ya Tokyo iliungua katika tetemeko la Septemba 1923 ikarudi kwa zege mwaka 1934.

Kuna mitego miwili ya majina. Meiji Jingu ya Tokyo si ya enzi ya Meiji: mfalme Meiji alifariki 1912, jinja yake ikafunguliwa 1920, ikaungua kwa mabomu Aprili 1945, ikajengwa upya 1958. Heian Jingu ya Kyoto nayo ina sura ya miaka elfu, kumbe ni ya 1895.

Tena usidhani kila jinja iko kwenye visiwa vya Japani. Taiwan Jinja ilifunguliwa Taipei 1901, na Chosen Jingu ilisimama juu ya mji wa Seoul tangu 1925 hadi Japani iliposhindwa vitani 1945. Ukiandika "Japani" chini ya picha ya Seoul, msomaji Mkorea ana haki ya kukasirika.

Kadi yetu: theluthi moja, か bila vinukta, haikutumwa. Kadi ni ya 1907 hadi 1918. Picha ilipigwa baada ya 1875. Zaidi ya hapo sisemi, wala nawe usiseme.

## Hatua ya 6: Tambua watu

Kuhani wa Kishinto huitwa kannushi. Akiwa kwenye ibada utamwona na joho lenye mikono mipana, kofia nyeusi iliyosimama, kibao chembamba mkononi kiitwacho shaku, na pengine viatu vyeusi vya mbao vyenye laka. Miko ni wasichana wahudumu wa jinja, wenye nguo nyeupe juu na hakama nyekundu chini. Wakicheza ngoma ya kagura hushika kishada cha njuga.

Leo rangi ya hakama ya kuhani huonyesha cheo. Usiupeleke utaratibu huo nyuma kwenye picha ya 1890, tena iliyopakwa rangi na fundi wa Yokohama.

Wanaochanganywa mara kwa mara:

- Mtu aliyefunikwa kichwa kizima kwa kapu, anapuliza filimbi ya mwanzi. Huyo ni komuso, wa madhehebu ya Zen. Si Mshinto.
- Mtu mwenye kofia ndogo nyeusi kwenye paji, anapuliza kombe kubwa la bahari. Huyo ni yamabushi, mfuasi wa mazoezi ya milimani yaliyochanganya dini zote mbili.
- Mwenye kichwa kilichonyolewa kwa kawaida ni mtawa wa Kibudha. Lakini tangu 1872 serikali iliwaruhusu watawa kufuga nywele, kwa hiyo nywele hazimfanyi mtu kuwa Mshinto.

Halafu tazama sakafu. Ukiona zulia, ukuta uliochorwa miti, na mwanga kutoka upande mmoja, hiyo ni studio. Studio ziliajiri watu wa kupiga nao picha za "desturi za nchi". Andika "mtu aliyevaa mavazi ya kuhani wa Kishinto, picha ya studio", usimpe ukuhani ambao huna hakika nao.

## Hatua ya 7: Taja tendo kwa usahihi

Kosa kubwa hapa ni la mikoshi. Wanaume wengi wamebeba kijumba kilichonakshiwa kwenye miti mabegani, wamebanana, wanapiga kelele. Mtu anaandika "mazishi". Ni sherehe: kami anatembezwa mtaani. Ushinto hukaa mbali na kifo, na mazishi ya Wajapani kwa kawaida ni shughuli ya watawa wa Kibudha.

Watu wanaoteka maji kwa upawa kwenye birika la mawe wananawa mikono na kusukutua kinywa kabla ya kuingia. Vikaratasi vilivyofungwa kwenye matawi ni omikuji, bahati iliyoandikwa. Vibao vya mbao vyenye michoro ni ema, vya nadhiri na maombi.

Na ndoa: harusi mbele ya kami jinsi tunavyoiona leo ilienea baada ya ndoa ya mrithi wa ufalme, Yoshihito, mwaka 1900. Picha inayodai kuonyesha harusi ya Kishinto ndani ya jinja mwaka 1870 ichunguze mara mbili.

## Hatua ya 8: Andika maelezo

Fuata mpangilio huu: kitu, jina la mahali, mkoa na nchi, aliyepiga au aliyechapa, miaka, mbinu, mahali ilipohifadhiwa na namba yake. Usilolijua, ruka, usiweke "huenda" kila mstari.

Kuhusu maneno, mimi hutumia "jinja" na kuieleza mara ya kwanza. "Kuhani" linafaa, "kasisi" lina harufu ya kanisa, na "mganga" ni tusi. Kami nawaacha kami. "Mzimu" linavutia, maana nasi tuna mahali pa kuwekea sadaka na kitambaa, lakini mzimu wetu aghalabu ni wa aliyekufa, wakati kami anaweza kuwa mlima, maporomoko ya maji au mti.

Kadi yetu sasa inasomeka hivi:

*Torii ya Itsukushima Jinja (mahali pa ibada pa Kishinto) ikiwa ndani ya maji, kisiwa cha Miyajima, Hiroshima, Japani. Postikadi iliyopakwa rangi kwa mkono, ilichapwa kati ya 1907 na 1918. Torii ni ile iliyosimamishwa 1875. Mchapaji hajatajwa.*

Ukiipandisha Wikimedia Commons, hifadhi huria ya picha mtandaoni, maelezo mafupi ya Kiswahili yana sehemu yake pale pale. Ijaze, kwa sababu mara nyingi iko tupu.

## Hatua ya 9: Haki na hifadhi

Kwa sheria ya Japani, picha zilizochapishwa kabla ya 1957 zimekwisha muda wa hakimiliki. Nchi uliyoko inaweza kuwa na hesabu yake, na maktaba iliyoskani inaweza kuwa na masharti yake ya matumizi. Yasome kwenye ukurasa wa picha kabla hujapakua. Chuo Kikuu cha Nagasaki na Maktaba ya Umma ya New York wana makusanyo makubwa ya picha hizi mtandaoni, mazuri kwa kulinganisha.

Faili lipe jina lenye mahali, kitu na miaka: itsukushima_torii_1907-1918_mbele, na jingine _nyuma. Kadi yenyewe itie namba kwa penseli, nyuma, kwenye kona ya chini, bila kukandamiza, kisha bahasha, kisha boksi, mbali na ukuta wa bafu na mbali na bati la paa.